Unyevu wa Chini ya Lundo

Juu ya kabati la misahafu, katika madrasa moja ya mtaani kwetu, pana kisanduku kilichokuwa cheupe siku zake na sasa kimegeuka rangi ya pembe kwa vumbi na moshi wa udi, chenye taa nne za kijani na antena mbili zilizosimama kama masikio ya sungura, nacho ndicho kipokeacho intaneti kutoka kwenye waya wa dirishani na kuigawa hewani, ili Maalim apate kuwasikilizisha watoto visomo vya wasomaji mashuhuri wa Misri, na wazazi walio Maskati wapate kuuliza hali za watoto wao. Watu wa kompyuta hukiita ruta. Mimi ndiye niliyekiweka pale miaka kadhaa iliyopita, nikakipa neno la siri nilijualo mimi peke yangu, nikawaamuru wote waliokuwapo wasikiguse. Nacho kikakaa bila kuguswa, kwa utiifu ambao wanafunzi wa madrasa ile hawajapata kuuonyesha katika jambo jingine lolote.

Jioni moja, baada ya umeme kukatika na kurudi, Maalim aliniita. Kasoro ilikuwa ndogo, waya umechomoka nusu. Lakini kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kufungua kompyuta yangu na kuingia ndani ya kisanduku, nilikiuliza maswali mawili ambayo fundi huyauliza kwa mazoea tu, kama tabibu ashikaye mkono wa mgonjwa kupima mapigo hata kama mgonjwa amekuja kwa ajili ya jino. Nilikiuliza tarehe, kikajibu kwamba ni tarehe 1 Januari 1970. Maana vyombo vya namna hii kwa kawaida havina betri ya kutunzia saa, na kila vizimikapo hurudi kwenye siku ile ambayo waasisi wa mfumo wa Unix waliifanya kuwa mwanzo wa hesabu ya zama, mpaka vipate kuuliza wakati kwa vyombo vingine vilivyo mbali. Kisha nikakiuliza namba ya kiini chake, kikajibu 2.6.36.

Kiini, ambacho wenyewe hukiita keneli, ni ile sehemu ya programu ikaayo baina ya chuma na kazi nyingine zote: ndiyo igawayo kumbukumbu, ipangayo zamu, ipokeayo kila habari iingiayo na itokayo, na kuamua nani apite na nani azuiwe. Asiyekijua hapungukiwi kitu mpaka siku kitakapokosea. Kiini cha kisanduku kile ni cha ukoo wa Linux, kazi aliyoianza Linus Torvalds mwaka 1991 alipokuwa mwanafunzi mjini Helsinki, na namba ile ilitolewa mwezi Oktoba 2010. Lakini nilipokipindua kisanduku na kuyafuta maandishi ya chini yake kwa kidole, nilisoma kwamba kilitengenezwa mwaka 2016. Basi hakikuzeekea juu ya kabati. Kilizaliwa kikongwe, kikatiwa katika boksi jipya lenye picha ya watoto wanaocheka, kikauzwa kwa bei ya kitu kipya, nami nikakinunua.

"Kimeamka, Maalim," nilimwambia, "ila kinadhani tuko mwaka 1970."

"Si neno, mwanangu, nami nyakati nyingine hudhani hivyo," alijibu, huku akiikunja tasbihi yake mkononi. Kisha akauliza, pasipo kunitazama, kama mtu aulizaye bei ya sukari: "Na ukifa wewe, nani atakiamsha?"

Swali lile lilinifuata mpaka nyumbani, na njiani lilizaa jingine kubwa kuliko lenyewe: je, mtu aliyekitengeneza kitu hudaiwa nacho mpaka lini? Mfanyabiashara hujibu upesi kwamba kilichouzwa kimeuzwa, na deni lake hukoma pale mkono wa mnunuzi unapofunga kifurushi. Mcha Mungu asiyepata kuuza kitu hujibu upesi vilevile kwamba aliyetengeneza ataulizwa juu ya kazi ya mikono yake mpaka Siku ya Malipo. Majibu yote mawili yana kasoro moja, nayo ni kwamba hayamgharimu mjibuji fikira hata kidogo. La kwanza likifuatwa, hapana fundi atakayeona haya. La pili likifuatwa, hapana fundi atakayethubutu kutengeneza, kwa sababu mzigo usio na mwisho hauchukuliki, na dini yetu yenyewe haimtwiki mja asiloliweza.

Nimetafuta njia ya kati, na nimeiona katika kisa ambacho kila aliyepita chuoni anakijua, cha Mtume, rehema na amani zimshukie, alipopita sokoni penye lundo la nafaka, akatia mkono wake ndani, vidole vyake vikakuta unyevu. Mwenye mali alipoulizwa alitaja mvua. Mvua si dhambi ya mtu, na hatukusikia kwamba alilaumiwa kwa kunyeshewa. Alilaumiwa kwa kuwa nafaka mbichi ilikuwa chini na nafaka kavu ilikuwa juu, mahali ambapo macho ya mnunuzi yanafika. Laiti angaliiweka iliyolowa juu, angaliuza kwa bei ndogo, na jina lake halingalipita katika vinywa vya watu kwa karne 14 likiwa mfano wa ghashi.

Sasa viini navyo hunyeshewa. Mwezi Oktoba 2016 ilitangazwa kasoro moja ya Linux iliyopewa jina la Dirty COW, ambayo kwayo mtu aliyeruhusiwa kuingia sebuleni tu huweza kujipatia mamlaka ya mwenye nyumba. Na ilipochunguzwa ilionekana kwamba imo tangu kiini cha namba 2.6.22, cha mwaka 2007. Kwa karibu miaka 9 ilikaa ndani ya msimbo uliokuwa wazi kwa dunia nzima, mbele ya macho ya mabingwa, wala hapana aliyeificha. Kisanduku cha madrasa, kwa hesabu ya namba yake, kilikuwa nayo siku kilipotoka kiwandani, na muuzaji hakujua, na mimi sikujua. Wanazuoni wa fikihi wameliweka jambo la namna hii mahali pake tangu zamani: wamempa mnunuzi hiari ya aibu, yaani haki ya kukirudisha kitu kilichokuwa na ila kabla ya kufika mkononi mwake, hata ikiwa aliyemuuzia hakuijua, kwa sababu haki ile haikujengwa juu ya dhambi ya muuzaji, imejengwa juu ya uzima wa kitu. Lakini nikamrudishie nani, na kwa boksi lipi, baada ya miaka yote ile? Kwa hiyo watu wa viini wamebuni namna yao ya kuitimiza haki hiyo pasipo kukisafirisha kitu: ila ikijulikana huandika kipande kidogo cha kuiziba, wakiitacho kiraka, na kukitoa bure. Dirty COW iliposhonewa kiraka, kila mwenye kiini kilichokuwa bado na mlezi aliweza kukipata. Kisanduku changu hakikukipata, wala hakitakipata kamwe.

Na hapa ndipo penye nyama ya maneno haya. Kwa nini mtu atie kiini cha mwaka 2010 katika chombo cha mwaka 2016, ilhali vipya vipo, vizuri zaidi, na havilipiwi senti? Wengi hudhani ni uvivu. Uvivu upo, siukatai, lakini sababu iliyo kubwa ni kufuli. Chipu ya redio iliyomo ndani ya ruta haiwezi kusemeshwa ila kwa lugha yake, na lugha hiyo huandikwa katika programu iitwayo kiendeshi. Mwenye chipu huandika kiendeshi kimoja, kwa ajili ya kiini kimoja, akakitoa kikiwa kimefungwa hata asomaye asikisome, kisha akaenda zake kutengeneza chipu nyingine. Kiini kikibadilika kiendeshi hakikitambui tena. Na kwa kuwa hakisomeki, hapana wa kukirekebisha. Kuanzia hapo kila ainunuaye chipu ile amefungwa kwenye mwaka ule kama mbuzi kwenye kigingi, na hata akitaka kwenda mbele kamba haimruhusu.

Mfano wake mashuhuri ni ruta ya Linksys iitwayo WRT54G, iliyoanza kuuzwa mwishoni mwa mwaka 2002. Watu walipogundua kwamba ndani yake mna Linux, walikumbusha sharti la leseni ambayo Linux hutolewa kwayo: kwamba atakayeigawa kazi hii kwa wengine sharti awape na msimbo wake, ili nao wapate uwezo ule ule alioupata yeye. Mwaka 2003 msimbo ukatolewa, na mwaka uliofuata ukazaa mradi wa OpenWrt, ambao mpaka leo hufufua ruta zilizotupwa na wenyewe. Ila chumba kimoja kilibaki na kufuli: kiendeshi cha redio, kilichoandikwa kwa ajili ya chipu za Broadcom, kilitolewa kikiwa kimefungwa na kwa viini vya namba 2.4 tu. Kwa ajili ya kipande hicho kimoja, watu wa OpenWrt walilazimika kuendelea kukilea kiini cha 2.4 miaka mingi baada ya dunia kuhamia 2.6, na hata katika toleo lao la mwaka 2010 kilikuwa bado kimo.

Waliolifungua kufuli lile walilifungua kwa adabu ambayo naiona ya kustaajabisha. Walijigawa makundi mawili: kundi moja lilikichambua kiendeshi kilichofungwa na kuandika maelezo ya mwenendo wa chipu, kwamba ikiambiwa hivi hufanya vile, na kundi la pili, ambalo halikuruhusiwa hata kukitazama kile kilichofungwa, lilisoma maelezo yale tu na kuandika kiendeshi kipya, ili asitokee mtu akasema kwamba wameiba hata mstari mmoja wa mwenziwe. Kazi hiyo iliingia katika Linux mwaka 2006. Mtu akinambia kwamba watu wa kompyuta hawana wara, humtajia mafundi hawa, waliokuwa wakihama chumba ili macho yao yasione wasichokuwa na haki nacho, na yote hayo kwa ajili ya kisanduku cha bei ya jozi moja ya viatu.

Basi rai yangu ni hii. Deni la fundi halipimwi kwa umri wa kitu wala kwa bei yake. Hupimwa kwa kadiri alivyowazuia wengine kukitengeneza. Aliyekiacha wazi amewashirikisha watu katika uwezo, naye anaweza kuutua mzigo siku atakayochoka, akisema, "Jamani, mimi nimefika hapa," na pasiwe na wa kumlaumu. Lakini aliyekifunga, akaondoka na ufunguo, amejifanya kuwa ndiye tabibu pekee wa mgonjwa yule. Na mtu aliyewafukuza matabibu wengine wote mlangoni hana ruhusa ya kusema kwamba saa za kazi zimekwisha. Kufunga ni kuweka nadhiri, hata kama mfungaji hakuitamka. Si haramu kuwa na siri, kwani kila kazi ina siri zake. Ila anayetaka kula faida ya siri na awe tayari kuuchukua na uzito wake, miaka yote ambayo kitu kile kinafanya kazi katika nyumba za watu.

Niliijaribu rai hii kwa vitendo. Niliwaandikia waliotengeneza kisanduku cha madrasa, ambao sitawataja kwa jina, nikawaomba msimbo wa kiini chao kwa mujibu wa leseni ile ile niliyoitaja. Nilipokea barua ya shukrani iliyoandikwa na mashine, ikinitakia siku njema na kuniuliza kama nimeridhika na huduma. Sikuandikiwa jambo jingine.

Kwa upande wa pili wako walezi wa viini vikongwe, na hawa nawaona kama wasimamizi wa wakfu. Pwani yetu inajua wakfu: mtu huchimba kisima au hujenga nyumba, akaitoa kwa ajili ya Mungu isiuzwe wala isirithiwe, na msimamizi huamriwa kwamba pato lake litangulie kuitengeneza yenyewe kabla ya kugawiwa mtu. Tumeziona pia nyumba za wakfu zilizoanguka, zenye vyeti safi na maboriti yaliyooza, kwa sababu aliyezitoa alifikiri thawabu ya kutoa akasahau gharama ya chokaa. Linux ni wakfu mkubwa kupita yote niijuayo, na chokaa yake ni saa za watu. Kiini cha 2.4, kilichotoka Januari 2001, kilishonewa viraka na Mfaransa Willy Tarreau mpaka toleo la mwisho la Desemba 2010. Na Greg Kroah-Hartman amekuwa kwa miaka mingi akichagua viini vya kulelewa muda mrefu. Muda huo ulikuwa miaka 2, kwa baadhi ya viini ukarefushwa kuwa miaka 6, na mwaka 2023 ikatangazwa kwamba utarejea kuwa 2, kwa kuwa wanaovitumia vile vikongwe ni wachache na walezi wamechoka. Walioudhika na tangazo lile walikuwa wengi. Wangapi kati yao walipata kuwalipa walezi hao, Mungu ndiye ajuaye. Upo pia muungano ulioanzishwa mwaka 2016, uitwao Civil Infrastructure Platform, ambao makampuni yake yameahidi kuvilea viini vichache kwa miaka 10 na zaidi, kwa ajili ya mitambo ya umeme, reli na viwanda, isiyobadilishwa kila msimu kama kanga. Hao wamefahamu kwamba chokaa ina bei.

Wala siwezi kumlaumu mlezi atangazaye siku ya mwisho. Kuitangaza mapema, mahali pa wazi, ni kuiweka nafaka iliyolowa juu ya lundo. Umoja wa Ulaya umetunga sheria mwaka 2024 inayomlazimu mtengenezaji wa vyombo hivi kuutaja muda wa kuvihudumia, na kwa kawaida usipungue miaka 5, na masharti yake makubwa yanaanza kushika Desemba 2027. Miaka 5 si mingi. Lakini mnunuzi atakapoweza kuisoma tarehe ile pembeni mwa boksi, kama anavyoisoma kwenye kopo la maziwa, mkono wake utakuwa umefika chini ya lundo pasipo kulowa.

Mtu atasema kwamba mwenye ruta mbovu anajidhuru mwenyewe, aachwe na hiari yake. Si kweli. Mwaka 2016 kirusi kiitwacho Mirai kiliingia katika kamera na ruta nyingi mno duniani kwa kujaribu tu majina na maneno ya siri yapatayo 60 yaliyotiwa kiwandani, kikavigeuza vyombo hivyo kuwa jeshi, na tarehe 21 Oktoba jeshi hilo likaielemea kampuni ya Dyn nchini Marekani hata tovuti kubwa kubwa zikawa hazifunguki. Wenye kamera zile hawakuhisi kitu. Taa zao zilikuwa za kijani.

Kuna jambo jingine ambalo hunichekesha na kunitisha kwa pamoja. Saa ya viini hivi huhesabu sekunde tangu tarehe ile ya 1 Januari 1970, na katika viini vya biti 32 hesabu yenyewe huandikwa katika nafasi isiyobeba zaidi ya 2,147,483,647. Kwa majira yetu ya Afrika Mashariki nafasi hiyo itajaa Jumanne tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 na sekunde 7 za asubuhi, wakati watoto wanatafuta viatu vya shule. Na sekunde itakayofuata, kiini kisichotengenezwa kitaamini kwamba ni tarehe 13 Desemba 1901, mwezi ule ule ambao reli ya kutoka Mombasa ilifika ukingoni mwa ziwa pale Kisumu. Linux yenyewe imekwisha kujiponya kwa vyombo vya biti 32 tangu kiini cha 5.6 cha Machi 2020, lakini dawa haiwafikii waliofungiwa mlango. Kiama cha wanadamu saa yake haijui mja yeyote. Hiki kimejulikana mpaka sekunde yake, na viini visivyoweza kukivuka bado vinatumika kila siku.

Nilipofika hapo katika fikira zangu, na wino ukiwa haujakauka juu ya maneno makali niliyoyaandika kuhusu watu wa kiwanda, nilikumbuka lile neno la siri. Nalo nililifunga mimi. Sikulifunga kwa faida. Nililifunga kwa sababu nilikuwa na haraka, na kwa sababu, nikisema kweli, ilinipendeza kuitwa kila umeme ukatikapo. Kwa miaka yote ile watu wa madrasa walikuwa na kisanduku kilichofungwa mara mbili, kwa kufuli la kiwanda na kwa kufuli langu, na la kwangu halikuhitaji makundi mawili ya mabingwa kulifungua.

Alasiri ya Jumatatu nilikwenda na ruta nyingine ya mtumba, ambayo nimeitia programu ya OpenWrt yenye kiini kilicho na walezi hai, nikapanda kitini na kukishusha kile cha zamani, kikaacha mraba mweupe juu ya kabati. Maalim alimwita mwanafunzi mmoja mkubwa, binti wa miaka 15 ambaye huwasomesha wadogo alifu na bee, akaketi karibu nami. Nilimwonyesha namna ya kuingia, namna ya kutazama kama pana kiraka kipya, na namna ya kukipokea. Nikamwachia akaandika neno la siri jipya alilolichagua mwenyewe, nami nikageuza uso upande wa dirisha.

"Umeliandika mahali?" Maalim akamuuliza.

"Ndiyo, Maalim." Akampa karatasi. Maalim hakuisoma. Aliikunja mara mbili, akaitia ndani ya daftari la mahudhurio, mwishoni, mahali anapoandika madeni ya ada, akalifunga na kulirudisha kabatini chini ya misahafu.